Nati za Gari la Bwana Jeilani

Mtu wa kisiwa cha Amu akikwambia ana gari, swali la kwanza ni: liko wapi? Vichochoro vya mji wetu vilipimwa kwa upana wa punda mmoja mwenye mzigo, na huyo punda akikutana na mwenzake, mmoja wao hana budi kuonyesha malezi. Gari la Bwana Jeilani lilikaa Mokowe, ng'ambo ya maji, pale ambapo barabara ya bara inafika baharini na kukata tamaa. Mwenyewe alikaa kisiwani, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya ghorofa yenye vyumba vingi na mtu mmoja.

Kibanda changu cha kuchaji simu kiko papo hapo gatini, kando ya uwanja wa kuegesha, kwa hivyo mapenzi yale niliyaona bila kualikwa. Kila Ijumaa baada ya sala, Bwana Jeilani alishuka botini na kanzu iliyopigwa pasi na kikapu mkononi. Kikapuni mlikuwa na kitambaa, chupa ya maji ya kisima na mkate wa mofa. Alilipangusa chumvi gari lake, Probox jeupe lililoanza kuwa la manjano kwenye pembe kama meno ya mvuta sigara. Kisha aliwasha injini, akaingia, akafunga milango yote, akakaa. Redio ilisoma matangazo ya vifo, yeye akila mkate. Injini ikishapata moto aliizima, akafunga gari, akarudi botini. Hakwenda popote.

Siku moja nilimwuliza, "Ami, hili gari ni la kuendesha au la kuzuru?"

Akafikiri kidogo. "Kaburi gani wewe waliona lina redio?"

Kiti cha mbele upande wa abiria kilikuwa na leso iliyotandazwa vizuri, imekunjwa pembe. Ilikuwa ya mkewe, Bi Safaa. Gari lenyewe lilinunuliwa kwa ajili yake, figo zake zilipoharibika ikawa lazima aende hospitali Malindi kila mara, na basi likawa linamchosha kuliko maradhi. Alilipanda msimu mmoja wa mvua. Baada ya hapo leso ikabaki kitini na hakuna aliyeigusa. Ukimwomba Bwana Jeilani lifti mpaka mji mdogo wa Hindi alikupa kwa moyo mkunjufu, lakini ulikaa nyuma, kama waziri.

Kazi yake tangu ujana ni mashine za boti. Kuanzia Ndau mpaka Ras Kitau hakuna mashine ambayo hajaitia mkono tumboni, na mpaka leo, ingawa goti limegoma, bado wanamfuata nyumbani wakiwa wamebeba kabureta kama mtoto mgonjwa. Bahari ilimfundisha jambo moja, naye akalishika kama suna: chuma kisichopakwa mafuta ni mali ya chumvi. Kwa hivyo alipaka. Alikuwa na debe la sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mbao za vyombo, yenye harufu ya kumfukuza hata jini. Alipaka boliti, bawaba, kufuli, cherehani ya marehemu. Nyumba yake ndiyo pekee Mkomani ambayo mlango haulii. Ningekuwa mimi ningeuacha ulie, angalau kungekuwa na sauti.

Mtoto wao ni mmoja tu, Swafiya, aliyeolewa Malindi na kijana anayeitwa Bakr. Mwaka huu akawa mjamzito, mimba ya kwanza. Sasa kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti huja kwa mamake, akazaa, akakandwa, akakaa arubaini yake, na nyumba hujaa mashangazi wanaobishana juu ya uji. Mama hayupo, lakini nyumba ya mama ipo. Bwana Jeilani aliipaka chokaa chumba cha juu, akawamba kitanda upya kwa kamba mpya, akamtafuta mkandaji akamweka tayari. Alikuwa mtu mwingine. Nilimwona akicheka na mwenye punda.

Tatizo likawa safari. Miguu ya Swafiya ilivimba, daktari akakataza basi, na huko Malindi mama mkwe alikuwa tayari ametenga chumba. Siku Swafiya alipopiga simu kuzungumza hayo, simu ya babake ilikuwa kwangu kwenye chaji, waya mfupi, ikabidi aweke sauti ya nje. Ndiyo maana nikasikia, na ningesikia hata kama waya ungekuwa mrefu.

"Baba, gari likifika Malindi salama, bila kisa, napanda na wewe," alisema Swafiya. "Bakr amekubali. Lakini likipata kisa njiani, mimi sitoki tena. Nitazalia huku kwa mama mkwe. Usinikasirikie."

"Halitapata kisa," alisema Bwana Jeilani. "Mimi ni fundi, mwanangu."

Jumatatu iliyofuata akaja Mokowe, siku isiyo yake. Alivaa kikoi na fulana, na boti ilimshusha pamoja na jeki, spana, debe la sifa na kopo la rangi ya kijani iliyobaki kwenye boti ya mtu. Aliinua gari upande mmoja baada ya mwingine, akatoa magurudumu, na kila rimu akaipaka rangi upande wa ndani, ule unaokaa juu ya chuma cha gari. Aliipaka nzito, mikono miwili, mitatu, kama anayekiandaa chombo kushuka majini. Boliti zote akazipaka sifa, na nati pia. Paka wa gatini walikusanyika wakakaa kwa heshima.

"Ami, unalipeleka Malindi au unakwenda kuvua nalo?"

"Chuma ni chuma," akasema. "Kisipopakwa huliwa."

Alipofika kwenye kukaza akachomeka bomba la maji kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, akakaza nati ya kwanza mpaka mwisho, akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, mkono mmoja umeshika kikoi, mwingine umeshika paa la gari. Kisha nati ya jirani yake, kisha ya jirani yake, mzunguko, zote nne. Kwenye mashine ya boti inayotingishika mchana kutwa ndivyo alivyozoea: kaza mpaka chuma kiombe msamaha.

Anayeshughulika na magurudumu pale Mokowe ni Keziah. Alikuja kutoka bara na mumewe dereva wa lori. Mume akaendelea na safari, yeye akabaki na kompresa. Jumatatu hiyo kibanda chake kilikuwa kimefungwa, alikwenda Hindi kumfuata mteja aliyemkimbia. Angekuwepo, hiyo harufu peke yake ingemtoa nje.

Kesho yake alfajiri Bwana Jeilani akanigongea kibanda. "Ndoo tufuatane. Ndia ni ndefu, na mimi kusema na redio nimechoka." Nikafunga biashara. Nilikaa nyuma, bila shaka. Leso ilikuwa imefuliwa, inanukia udi.

Tulipita Hindi bila neno. Mbele kidogo, mashamba yakianza kuisha, nikasikia kitu upande wa mbele kushoto. Tok. Halafu kimya. Halafu tok, tok. Bwana Jeilani akaongeza sauti ya redio.

"Ami, kuna kitu kinagonga."

"Nasikia."

"Simama basi tuangalie."

"Mtu hazimi mashine kati ya mkondo. Mkondo utakutupa mwambani. Wenda nayo hivyo hivyo polepole mpaka ufuoni, ndipo uangalie." Ufuo aliokusudia ni Witu, na Witu ilikuwa bado mbali sana.

Usukani ukaanza kutetemeka. Mikono yake ikatetemeka nao, na mashavu, na miwani. Nikamwambia kwa upole ambao sikujua ninao, "Ami, hapa hakuna maji. Ukisimama hatuzami."

Akapunguza mwendo. Akaliweka kando. Alikaa kitambo na mikono juu ya usukani, injini imezimwa, kama anayengoja gari lianze kuyumba. Halikuyumba. Tukashuka.

Nati moja haikuwepo. Mbili zilizunguka kwa vidole vyangu, vidole vilivyozoea simu tu. Ya nne ilikuwa imekaza, lakini boliti yake ilikuwa imenyongeka shingo, nyembamba katikati. Rangi ya kijani ilikuwa imebonyea na kutoka pembeni mwa rimu, vipande vipande, kama maganda ya embe bichi. Bwana Jeilani aliokota kipande kimoja akakitazama sana. Nikampigia Keziah.

Alikuja kwa bodaboda, ameyapakata masanduku yake ya vifaa kama mzigo wa sokoni. Kabla hajavua kofia ya chuma akauliza, "Nani amepika samaki hapa?"

"Ni sifa, Bi Keziah," alisema Bwana Jeilani. Ni yeye peke yake Mokowe anayemwita Bi. Sisi wengine tunamwita Keziah, na akikasirika tunamwita mkubwa.

Keziah akaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, akalaza kibao chini ya jeki maana kando ya barabara ni mchanga mtupu, akainua. Alipotoa gurudumu akapitisha kidole kwenye boliti, akanusa, akakipangusa kwenye suruali.

"Mzee, gurudumu linashikwa na nini?"

"Na nati."

"Nati inavuta tu. Kinachoshika ni chuma kulala juu ya chuma, kavu kwa kavu. Sasa wewe hapo katikati umetandika godoro. Rangi inabonyea kidogo kidogo, nati inabaki inashika hewa. Na haya mafuta yanadanganya mkono. Unavuta, unaona bado laini, unaongeza, kumbe boliti ndiyo inarefuka kama chingamu."

"Baharini usipopaka..."

"Baharini sijui. Mimi naogopa hata ile boti ya kuvukia."

Akaikwangua rangi yote kwa kisu butu. Akafuta boliti kwa petroli, akazisugua kwa brashi ya waya mpaka zikawa za kijivu, kavu. Akarudisha gurudumu, akaanza kila nati kwa vidole, upande wake mwembamba ukitangulia ndani. "Ikikataa vidole usiilazimishe na spana. Imeingia upande, itakula meno ya boliti." Kisha akashika spana, bila bomba, bila kupanda mtu juu. Akaigusa nati ya juu kidogo, akaruka ya pili, akaenda chini. "Hii, halafu inayoitazama. Halafu hizi mbili. Ni msalaba."

"Msalaba ni wa kwenu kanisani," alisema Bwana Jeilani.

"Sawa, iite jina lako. Gurudumu halina dini."

Nikaona mara ya kwanza siku ile midomo ya Bwana Jeilani inataka kucheka. "Ni kama kuwamba ngoma," akasema. "Ngozi waivuta huku kidogo, kule kidogo. Ukiivuta upande mmoya mpaka mwisho, ngozi yaenda yote kwako, upande wa pili wabaki legevu." Halafu akasema polepole, kama anayesoma kibao cha duka kilichoandikwa kwa herufi ndogo, "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake."

"Basi ngoma yake italia vibaya," alisema Keziah, ambaye hakuijua methali ile na alidhani wanazungumzia magurudumu bado.

Boliti iliyonyongeka ilikatika mkononi mwake hata kabla hajaikaza vizuri. Akaitupa pembeni, nati yake akaihamishia kwenye boliti iliyokuwa tupu.

"Nati tatu zitakurudisha Mokowe, mwendo wa punda, mimi nikiwa nyuma yako. Malindi hapana. Na magurudumu mengine matatu yana ugonjwa huu huu, unajua."

Wakati huo lori lilikuwa limesimama kutoa msaada, na dereva wake, mtu mmoja anaitwa Murithi, alikuwa ameinama anaangalia huku akitafuna miraa. "Tatu zinatosha, mzee," akasema. "Mimi nimeona watu wakifika Nairobi na mbili. Nenda tu. Mungu yupo."

"Mungu yupo," alisema Keziah. "Nati ndiyo haipo."

Bwana Jeilani alitutazama wote, mmoja mmoja. Ninajua alichokuwa anapima. Ilikuwa bado asubuhi. Angeweza kwenda, kwa mwendo wa punda, afike jioni, amwambie binti gari halikupata kisa. Chumba cha juu kilikuwa cheupe, kitanda kimewambwa. Nati tatu tu, na bismillahi.

Simu ikalia. Safari hii hapakuwa na waya wa kuizuia, lakini aliweka sauti ya nje kwa mazoea.

"Baba, umefika wapi?"

"Nimesimama kidogo, mbele ya Hindi."

Tukasikia jiko la huko, sufuria, sauti ya mwanamke mzima akiuliza kama ni babake. "Lina kisa?" akasema Swafiya.

Bwana Jeilani alikuwa amesimama upande wa abiria. Kioo kilikuwa wazi. Aliingiza mkono akaisawazisha leso, ingawa ilikuwa sawa.

"Lina kisa," akasema. "Kaa uko uko, mwanangu. Kiti hichi hakikaliki kwa nati tatu. Ningekuwa mimi peke yangu ningekwenda."

Aliyojibu Swafiya sikuyasikia. Babake aliiondoa sauti ya nje, akaiweka simu sikioni, akatembea mpaka kwenye kichaka cha mbele, akasimama huko ametupa mgongo. Murithi akatema miraa yake akaondoka bila honi. Keziah akakaza nati tatu, hii na inayoitazama, na ile moja isiyo na wa kuitazama.

Boliti mpya na nati zake zilikuja na basi kutoka Mombasa. Keziah alizitia zote, akakwangua rimu zote, akaosha sifa yote, paka wakaomboleza. Gari lilipokuwa limeshuka chini kwa uzito wake, akatoa spana yake ya kipimo, anayoifunga kwa taulo kama kichanga, ile inayolia tak nati ikitosha. Akampa Bwana Jeilani amalizie mwenyewe.

"Ikilia, acha. Usiongeze hata kidogo ya baraka."

Tak. Akavuka. Tak. Sijapata kumwona fundi mkubwa akifanya kazi kwa aibu namna ile, na nilikuwa na mzaha tayari ulimini, nikaumeza.

"Sasa," alisema Keziah, "ukitembea kilomita hamsini urudi nizipime tena. Chuma kipya hukaa, kikishakaa nati hulegea kidogo. Hapo watu ndipo wanapokosea. Nawaambia wote warudi. Hakuna anayerudi. Hii ni Mokowe, mtu akishapita amepita."

"Hamsini niende wapi?" aliuliza Bwana Jeilani.

Keziah akaanza kuifunga spana yake taulo.

Ijumaa hiyo Bwana Jeilani hakula mkate akiwa ameegesha. Aliwasha gari akatoka nalo peke yake, mpaka Witu. Baadaye aliniambia alifika, akanywa chai ya rangi kwenye hoteli moja, akamwuliza mwenye hoteli habari za mvua, akageuza. Hakuwa na jambo lingine la kufanya Witu. Alirudi alasiri, akalipeleka gari moja kwa moja mbele ya kibanda cha Keziah. Keziah alitoka ndani na mikono ina unga, akasimama pale mlangoni, na nadhani hakuamini. Akaifungua spana taulo lake. Nati moja ilisogea kiasi cha unywele. Nyingine zote zilikuwa zimeshika.

"Wewe ndiye wa kwanza kurudi," akamwambia.

"Ulisema nirudi."

Swafiya alijifungua salama Malindi, msichana, wakamwita Safaa. Bwana Jeilani aliendesha mwenyewe kwenda kwenye akika, bila kisa, akashinda huko, akamshika mtoto kwa muda ambao mama mkwe aliona unatosha. Leso akaiacha. Wakamfunika nayo mtoto. Arubaini ikapita huko huko, na chumba cha juu Mkomani kikabaki cheupe. Swafiya akasema watakuja baada ya mvua, kisha mvua ikaisha, kisha akasema wacha mtoto apate nguvu ya shingo. Hakusema uongo. Watoto wana shingo dhaifu.

Ijumaa bado anakuja, kanzu na kikapu. Anapangusa chumvi. Siku hizi kabla ya kuwasha injini anamngoja Keziah, naye Keziah anatoka na spana ya kipimo kupima nati za gari ambalo halijatembea tangu Ijumaa iliyopita. Haruki nati hata moja. Anavuka, tak, anavuka, tak, magurudumu yote manne, kana kwamba linakwenda Nairobi.

"Zimeshika, Bi Keziah?"

"Zimeshika, mzee."

"Tazama tena lile la mbele kushoto."

Anatazama tena. Kisha anarudi kwenye kompresa yake, na mzee anaingia garini, anafunga milango, anafungua mkate.

Juzi nilikuwa na shughuli Hindi nikamwomba lifti. Akakubali mara moja, akafurahi hasa. Nikaona kiti cha mbele kitupu, leso haipo, nikafungua mlango wa mbele. Hakunikataza. Alinitazama tu, mkono kwenye ufunguo, halafu akakitazama kiti.

Nikaufunga taratibu, nikaenda nikakaa nyuma.